Mke Wangu Ameondoka, Kabati Limebaki, na Diwani Anataka Nisaini

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijaeleza chochote naomba pia usiisome barua hii kwa sauti mbele ya wenzako hapo gazetini, maana watacheka, na mimi nimeshachekwa vya kutosha, tena kwa lugha tatu.

Mimi ni fundi cherehani, umri miaka arobaini na miwili, kibanda changu cha kushonea kiko chini na nyumba tunayopanga iko juu yake, ghorofa ya kwanza, vyumba viwili na kibaraza cha kuanikia nguo, na kwa miaka saba ya ndoa nguo zetu zimekaa kwenye maboksi na ndoo, siyo kwa umaskini mkubwa bali kwa kuahirisha tu, kila mwezi nasema mwezi ujao, mpaka mama mkwe wangu, ambaye ni mjane na anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, akachoka kumwona binti yake anachimba ndoo kutafuta blauzi ya kwendea kazini, akaenda kwa seremala wa mtaa wetu akaagiza kabati la nguo, mbao nzito, milango miwili, vishikizo vya shaba, kioo kwa ndani. Kabla seremala hajaanza kukata mbao, Mama aliniita akaniuliza, "Mkwe, ngazi umeipima?" Nikamjibu, tena kwa kujiamini, "Mama, kupima ndiyo kazi yangu."

Na ngazi niliipima, mshauri, sikudanganya. Upana nilipima, kimo nilipima, nikaandika kwenye kipande cha karatasi na kukitia mfukoni. Kona ndiyo sikuipima. Ngazi yetu iko nje na inapinda katikati, na mimi miaka ishirini napima mabega na viuno, akili ya kona sina.

Basi Jumamosi moja asubuhi tukaanza kulipandisha, mimi nimeshika kona ya kushoto chini, seremala mwenyewe kulia, majirani wawili juu, na Mama amesimama kwenye kikomo cha ngazi anatuongoza, ameshika kandambili mkononi kwa sababu kamba yake ilikatika wakati anapanda, na tulipofika kwenye kona kabati likakwama, tukalishusha, tukaligeuza kichwa chini miguu juu, likakwama, tukalishusha, tukalipandisha kinyumenyume, likakwama vilevile, na Mama akapandwa na hasira akawa anatupungia ile kandambili huku anafoka, "Hiyo mikono ni yenu au mmeazima?" Seremala, Mungu amlinde, akaninong'oneza, "Fundi, nikimbilie bisibisi, nilifungue vipande, dakika kumi tu limeingia." Nikamwambia nyamaza. Nilijua likifunguliwa Mama atauliza kwa nini, na nikisema kwa nini nitakuwa nimekiri kwamba sikupima.

Hapo ndipo balaa lilipotokea. Jirani yangu mmoja ni mwongoza watalii, na siku hiyo alikuwa na wageni sita aliowaahidi kuwaonyesha mila halisi isiyokuwemo vitabuni, lakini ile nyumba ya zamani aliyozoea kuwapeleka ilikuwa imefungwa inapakwa rangi, kwa hiyo alikuwa anawazungusha vichochoroni hajui la kufanya, anawaonyesha mabomba, na alipotukuta sisi na kabati letu na mama mwenye kandambili akasimama, akameza mate, akawaambia kwamba wamebahatika, hii ni mila ya kale ya mtaa huu, kabati la ndoa lazima likataliwe na ngazi mara tatu mbele ya mama mkwe ili ijulikane kama mwanamume ana uvumilivu. Wageni wakatoa simu. Mmoja, mama mtu mzima mwenye kofia, akanigeukia mimi na jasho langu akaniuliza moja kwa moja, "Ni kweli?" na Mama yuko juu ananitazama, na seremala yuko pembeni ananitazama, na karatasi ya vipimo iko mfukoni mwangu. Nikasema, "Ndiyo, tangu enzi za mababu."

Mshauri, wageni walipiga makofi. Wakaacha bahasha nzuri tu. Jumamosi iliyofuata jirani akaja na wageni kumi na tano, akaniomba kwa unyenyekevu tulikwamishe tena.

Hiyo ni miaka miwili na miezi minne iliyopita, na kabati halijaingia chumbani hata siku moja. Wiki nzima linakaa kibandani kwangu limefunikwa turubai, mimi nashonea mlangoni kwa kukosa nafasi, na Jumamosi linapanda na kushuka mara tatu kwa ratiba. Mtaa mzima sasa unakula kupitia kabati hilo. Seremala anachonga vikabati vya mfukoni, jirani ameajiri wasaidizi wawili, mama wa chai ameongeza viti, mimi nimewashonea wabebaji mikanda myekundu ambayo mababu zangu wangeshangaa kuiona, mtaa wa pili kwa wivu nao wameibuka na mila yao ya kale ya kubeba kitanda, na halmashauri imetuletea kibali cha mila, cha kulipia kila mwaka, usipolipia unafanya mila kinyume cha sheria. Mwenye nyumba naye hakulala, amepandisha kodi akisema mtaa sasa ni wa kitalii.

Na Mama, jamani, Mama ndiye nyota. Picha yake na kandambili iko kwenye mabango. Mwanzoni alikuwa anarudia yale maneno ya siku ya kwanza, lakini hasira za kuigiza zikamwishia, akaanza kutumia za kweli, kwa hiyo kila Jumamosi namsikia mama wa mke wangu akitangaza mbele ya hadhara kwamba nakoroma kama mashine ya kusaga, kwamba niliahidi kununua friji tangu mwaka juzi, kwamba nikiumwa mafua naaga dunia, na jirani anatafsiri neno kwa neno, wageni wanaandika kwenye madaftari. Na mimi siwezi kumjibu, ni mama mkwe, nitaanzia wapi? Halafu nitasema ukweli, tangu mume wake afariki sijawahi kumwona Mama akiamka asubuhi na shughuli, sasa anaamka.

Ila mke wangu hajawahi kulipenda jambo hili. Mwanzoni alicheka, akasema tufanye mwezi mmoja tupate fedha ya kumlipa seremala alifungue kabati na kuliingiza. Mwezi ukaisha nikasema mwezi ujao. Blauzi zake zikaendelea kukaa kwenye ndoo, na kila akigusia kabati namwambia vumilia, watu wanalitegemea, na yeye ananiuliza, "Na mimi?" na mimi natoka kwenda kushona mikanda.

Wiki tano zilizopita, Jumamosi, tuko katikati ya ngazi, kukwama kwa pili, wageni arobaini wamejaa uwanjani, mlango wa nyumba yangu ukafunguliwa juu, mke wangu akatoka na boksi la nguo zake kichwani, akampita mama yake, akajibana ukutani akapita pembeni ya kabati, akanipita mimi, akanitazama usoni, akashuka. Wageni wakadhani ni sehemu ya mila. Wakapiga makofi, mmoja akawaomba wengine wampishe apige picha vizuri. Mimi nilitaka kumfuata, mshauri, nakuapia, lakini nilikuwa nimeshika kona ya kushoto chini, nikiachia wenzangu wanaumia, na jirani alikuwa ananikonyeza tuendelee. Tukaendelea. Tulipomaliza kukwama kwa tatu yeye alikuwa ameshafika kwa dada yake.

Sasa sikiliza hili uone nilipofikia. Jumamosi iliyofuata wageni wakauliza ile sehemu ya mke kuondoka iko wapi, waliiona kwenye simu za wenzao. Jirani akamkodi dada anayeuza vocha pale kona ya barabara, kwa hiyo kila Jumamosi mke wangu ananiacha mbele ya watu, na siyo yeye, na dada wa vocha analia vizuri kuliko inavyohitajika.

Juu ya hayo uchaguzi umekaribia. Diwani wetu, ambaye kabla ya kabati hakuijua hata njia ya kuja kwetu, anasema kwenye mikutano, "Mababu zetu walibeba, sisi tutashindwa?" na ameahidi kulijengea kabati jukwaa la zege na paa, picha yake kwa mbele. Mpinzani wake, mwenye duka la dawa, naye anazunguka na kipaza sauti anasema kabati ni mali ya wananchi na Diwani analiteka. Sasa Diwani ameniletea fomu ya kulisajili kama urithi, na Alhamisi ijayo saa nne kamati inakaa ukumbini, na mimi kama mlezi wa mila natakiwa kusaini mbele ya watu kwamba mila ina umri wa miaka mia tatu, ameshaijaza mwenyewe. Nikamwambia, mheshimiwa, ndani ya mlango seremala ameandika namba yake ya simu. Akasema itapigwa msasa. Na kipengele cha sita kinasema baada ya kusajiliwa kabati halitafunguliwa skrubu hata moja, wala halitatiwa nguo za mtu yeyote, milele.

Mke wangu amepata habari. Hakunipigia. Alimtuma dada yake, na shemeji akasimama mlangoni kwangu hata kuketi akakataa, akasema, "Ameniambia nikwambie hivi: ukisaini, usije kumfuata."

Niliwaza tutengeneze kabati jingine kwa ajili ya wageni na hili nimpelekee mke wangu, lakini Diwani na jirani wote wawili wakanijia juu, wakasema hilo litakuwa bandia, wageni siyo wajinga, na mtaa mzima utakufa njaa kwa sababu ya blauzi. Mama naye nimemuuliza kwa heshima, ameendelea kusuka kamba ya kandambili.

Mshauri, nikisaini nimempoteza mke. Nisiposaini nimewamwagia watu wote unga wao, na nitaonekana mwongo mbele ya mama mkwe na Diwani na dunia nzima. Maji yamenifika shingoni. Nifanye nini?

Ni mimi,
Fundi cherehani, mlezi wa mila.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Nimekupa pole moja, itunze, maana zilizobaki siyo zako.

Wenzangu ofisini nimewasomea barua yako kwa sauti. Usiniombe mambo yasiyowezekana. Mhariri ametoka nje kupunga upepo, na mpiga chapa anataka kujua Jumamosi inaanza saa ngapi. Kwa hiyo mimi nikikwambia kwamba wageni wanaipenda shughuli yenu siyo kwa sababu ya miaka mia tatu, niamini. Hakuna hata mmoja hapa aliyeuliza umri wake. Wote wameuliza kuhusu mama mkwe.

Sasa tuje kwako. Unaniambia umebanwa kati ya mke na mtaa, kati ya Diwani na mwenye duka la dawa, kati ya utamaduni na uchumi. Mkubwa mzima! Wewe umebanwa na kona ya ngazi ambayo hukuipima, basi. Ungefungua mdomo siku ile ukasema, "Mama, nisamehe, nimekosea," seremala angekimbilia bisibisi yake, ungefokewa dakika kumi, na mkeo angekuwa na mahali pa kutundika nguo tangu jioni ile. Badala yake umewabebesha watu kosa lako mara tatu kila Jumamosi kwa miaka miwili na ushee, ukawavalisha na mikanda.

Wanakwambia kabati la pili litakuwa bandia. Bandia ya nini, ndugu yangu? La kwanza lina namba ya simu mlangoni! Mwache seremala atengeneze jingine, la mbao nyepesi, migongo ya wabebaji itamshukuru, na jirani yako awaambie wageni habari yenyewe ilivyokuwa: hapa pana fundi cherehani aliyesahau kupima kona, akaona aibu mbele ya mama mkwe, akasingizia mababu. Watacheka mpaka waombe maji. Hiyo ni yenu kweli, mtaa mwingine hauna, na wale wa kitanda wataitafuta wasiipate. Wakipungua kidogo, watapungua. Mama wa chai alikuwa anauza chai kabla yako na atauza baada yako, usijifanye wewe ndiye jiko lake. Kuhusu huyo jirani anayemkodi dada wa vocha amwigize mkeo, nasema hivi, hiyo ikome wiki hii, siyo wiki ijayo. Kama umefika mahali unasimama na kutazama mtu mwingine akilia machozi ya mkeo kwa malipo na unatathmini analia vipi, basi umekwenda mbali sana na nyumbani.

Diwani nitakuambia kitu kimoja juu yake. Huyo hataki kabati, anataka ukuta wa kutundikia picha yake, na mpinzani wake anataka ukuta uleule. Uchaguzi ukipita, mvua ya kwanza ikinyesha, hilo jukwaa litakuwa pa kuanikia maharage. Wewe kwa wakati huo utakuwa umesaini, kabati limefungwa kwa kipengele cha sita, na ndoo zimebaki na nguo zako peke yako. Usisaini. Usiseme utafikiria, usiseme mwezi ujao, hayo maneno nayakataza kuanzia leo. Alhamisi saa nne ingia ukumbini, simama, sema: mila hii ina umri wa miaka miwili na miezi minne, na aliyeianzisha ni mimi kwa uongo. Watapiga kelele. Wakupigie. Umeshazoea kufokewa na mtu anayejua kufoka, hao wa kamati watakushinda nini?

Na usimwogope Mama. Unaandika kana kwamba atagundua jambo. Fundi, kabati alilinunua yeye! Alikuwepo lilipokwama, na anakujua wewe na vipimo vyako. Miaka yote hii amejua, akanyamaza kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu afiwe watu wanasimama kumsikiliza. Sasa amekwama kati ya bango lake na mwanawe, ndiyo maana anasuka kamba hasemi. Mwondolee mzigo huo. Nenda kwake kesho, kaa chini, siyo kwenye kiti, mwambie, "Mama, sikupima kona. Nakuomba radhi. Naomba uendelee kutufokea Jumamosi kwa kabati jipya, lakini hili ulilomnunulia mwanao naliingiza chumbani." Kama hatakupiga na kandambili nitashangaa, na kama hatakubali nitashangaa zaidi.

Ukitoka ukumbini Alhamisi, usipite popote. Mchukue seremala na bisibisi, lifungueni kabati, lipandisheni vipande vipande, lifungeni upya chumbani, toa nguo zake zilizobaki kwenye ndoo, zipige pasi, si wewe ni fundi, zitundike. Baada ya hapo ndipo uende kwa dada yake. Uende mwenyewe, bila jirani, bila mjumbe, bila zawadi, na usiende na maelezo. Mwambie umekosa. Ukianza sentensi yoyote na neno "lakini", shemeji yako nimempa ruhusa akufungie mlango.

Ningeishia hapo, ila kuna jambo jingine, na nimeomba ruhusa kabla ya kuliandika. Wiki nne zilizopita nilipokea barua ya mistari miwili kutoka kwa mwanamke asiyetaja jina wala kazi wala mtaa, namba ya simu tu. Aliandika: "Mshauri, mume wangu aliniona naondoka na nguo zangu kichwani, akaendelea kubeba. Je, nimsubiri?" Sikumjibu, kwa sababu sikumjua mume mwenyewe, na sikuelewa alikuwa anabeba nini. Barua yako ilipofika nilielewa. Jana asubuhi nilimpigia simu.

Nimemwambia asubiri mpaka Alhamisi jioni. Amesema atakuwa kwa dada yake, na mlango hautafungwa.